Namna ya kuitazama The Last of Us sebule moja, waliocheza gemu na wasiocheza

Kama hujaona msimu wa pili, simama hapa. Nitamtaja anayekufa na sehemu anayokufa, kwa sababu bila ya kulitaja hilo siwezi kueleza namna ya kuwakalisha watu pamoja. Nenda kaione kwanza, halafu rudi. Kwa asiyeijua kabisa: ni tamthilia iliyotolewa kwenye gemu, juu ya dunia iliyoangushwa na maradhi ya kuvu, na mtu mzima Joel anayemsindikiza Ellie, msichana ambaye maradhi hayo hayampati.

Sebule yangu iko Michenzani, Unguja mjini, ghorofa ya nne. Ina TV ya inchi 43, jamvi, mito sita na feni. Tamthilia ilipoanza tarehe 15 Januari 2023 tulikuwa watu wanne. Msimu wa pili, Aprili 2025, tulifika kumi na mmoja, viatu vikajaa mlangoni mpaka kwenye ngazi. Kati yetu watatu tumecheza gemu: mie, mpwa wangu, na jirani yetu seremala wa ghorofa ya chini. Waliobaki hawajawahi kushika pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea gemu. Yumo mama mkubwa wangu, yumo ami yangu anayeuza samaki Malindi, wamo mashoga wawili wa mama mkubwa, na vijana wa jirani. Watu wa namna hii wakitazama kitu kimoja hawakitazami kwa jicho moja, na usipowapanga, sehemu ya tatu haifiki mtu ameshanuna.

Jambo la kwanza ni kulijua hili: aliyecheza ametenda, asiyecheza ameona. Ugomvi karibu wote unatoka hapo.

Gemu ya kwanza ilitoka Juni 2013 kwenye PlayStation 3. Mie niliicheza miaka miwili baadaye kwa mashine ya kuazima. Kuimaliza kunachukua saa kumi na tano hivi, na saa zote hizo unakwenda na Joel: unapekua makabati naye, unahesabu risasi naye, unamsubirisha Ellie nyuma ya ukuta mpaka njia iwe salama. Mwisho kabisa unafika hospitali. Ellie amelazwa mezani, amepigwa sindano ya usingizi, na daktari anayetaka kumpasua ili atafute dawa, upasuaji utakaomuua, amesimama mbele yako na kisu kidogo mkononi. Gemu haiendi mbele mpaka umuue. Sikujua. Nilidhani ipo njia nyengine. Niliiweka pedi juu ya jamvi nikaenda kuchemsha chai, na niliporudi daktari alikuwa bado amesimama palepale, ananingoja. Nikabonyeza.

Sasa, kwenye tamthilia Joel anafika, anampiga risasi, imekwisha. Mama mkubwa akasema pale pale: "Kamuua daktari wa watu!" Mpwa wangu akaruka kama aliyetuhumiwa yeye. Akaanza kumtetea Joel kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia kwa mama mkubwa. Nilimkalisha, lakini usiku ule nilifahamu kuwa mtoto hakuwa anamtetea Joel. Alikuwa anautetea mkono wake.

Kwa hiyo usimuulize mchezaji "Unaonaje?" Muulize "Wewe ulifanya nini ulipofika hapo?" Atasimulia badala ya kubisha. Na asiyecheza akimsikia mtu anasimulia alivyohangaika na pedi usiku wa manane, hatomwita tena mtoto anayelilia katuni. Tangu nilipoanza kuuliza hivyo, kelele zimepungua sana.

Saa za kutazama

Sehemu mpya huko Marekani ilikuwa ikitoka Jumapili saa tatu usiku kwa saa za mashariki yao. Kwetu hiyo ni Jumatatu alfajiri: saa kumi na moja kwa msimu wa kwanza, na saa kumi kwa msimu wa pili, kwa sababu kufika Aprili wenzetu wale wanakuwa wameshasogeza saa zao mbele. Maana yake watu wanatoka kuswali Alfajiri, habari imeshafika kwenye simu.

Mwanzoni tulikuwa tunatazama Jumamosi, siku ambayo ami hana haraka ya kulala. Tukalipia kosa hilo. Sehemu ya pili ya msimu wa pili, ile ya tarehe 20 Aprili, ndiyo anayouawa Joel. Waliocheza gemu ya pili walilijua tangu Juni 2020. Jumatatu saa moja asubuhi mtu mmoja katika kundi letu la simu akaandika maneno matatu tu na alama ya kulia. Mama mkubwa alikuwa jikoni anachoma maandazi. Akasoma. Hakuniambia kitu mpaka Jumamosi, na Jumamosi alikaa kwenye mto wake pembeni, mikono kifuani, anangoja kifo anachokijua. Niliumia kwa ajili yake kuliko nilivyoumia kwa Joel. Mtu ameingoja hadithi miaka miwili, anaporwa asubuhi moja kati ya maandazi na chai.

Tangu hapo tunatazama Jumatatu ileile, baada ya Isha. Kundi la simu tumeligawa mawili: moja la wachezaji, waseme watakalo huko, na moja la kuulizana nani analeta kahawa. Mwenye kuweka picha ya sehemu mpya kwenye stetasi kabla ya Jumanne asubuhi anakosa mto wiki inayofuata, anakaa sakafuni. Adhabu hiyo imeshatumika mara mbili na imefaa.

Halafu kuna kumwaga mchele kwa uso, na hili nilichelewa kuliona. Ile Jumamosi, dakika mbili kabla ya jambo lenyewe, sisi watatu tuliocheza tuligeuka kwa pamoja kumtazama mama mkubwa. Hatukusema neno. Lakini vijana wa jirani walituona tukigeuka, wakajua kuna kitu kinakuja. Wachezaji wakae nyuma. Mgongo wa mtu hausemi kitu, uso wake unasema yote.

Na kuna neno moja ambalo wachezaji wanadhani ni jema kumbe linaharibu: "Ngojeni, mtamwelewa." Wanalisema juu ya Abby, yule anayemuua Joel. Katika gemu ya pili unalazimishwa kumchezesha Abby karibu nusu ya safari, na mpwa wangu aliyeanza kwa kumchukia alimaliza hajui amchukie nani. Ni jambo kubwa, na ukimwambia mtu kabla umeshamtolea hukumu yake. Mwache achukie. Watengenezaji wenyewe walishapunguza subira hiyo: gemu inaficha sababu ya Abby kwa muda mrefu, tamthilia imeitoa mwanzoni kabisa mwa msimu wa pili, yeye na wenzake wakiwa kwenye makaburi. Kwangu mie lilikuwa kosa. Kumfuata mtu aliyekukosea bila ya kujua kwa nini alikukosea ndiyo nguvu ya gemu ile. Lakini seremala hakubaliani nami, anasema mtazamaji wa TV hana pedi ya kumshikilia mpaka sababu ije, atazima. Tumelibishania hili wiki nne.

Manung'uniko, na namna ya kuyachambua

Mchezaji akisema "wameharibu", mzuie hapo hapo umuulize: kimebadilishwa nini, na kwa ajili gani? Mara nyingi jibu lipo.

Chukua mfano wa mbegu za kuvu. Kwenye gemu zinaelea hewani kama vumbi la unga, na ukiingia pahala zilipo unavaa barakoa. Msimu wa kwanza wa tamthilia umeziondoa, badala yake kuna nyuzi zinazotambaa chini ya ardhi na kuwaita walioambukizwa kutoka mbali. Vijana walikasirika. Lakini watengenezaji, Craig Mazin na Neil Druckmann, walikuwa na sababu, na mojawapo ni kuwa barakoa ingeficha nyuso za waigizaji. Mtu anamtazama Pedro Pascal macho na mdomo, huwezi kumfunika nusu saa nzima. Msimu wa pili mbegu zilirudi, na waliokuwa wakilalamika wakashangilia kama bao.

Mabadiliko mengine yameongeza. Katika gemu Sam ni kijana wa miaka kumi na tatu anayesikia. Katika tamthilia ni mtoto wa miaka minane, kiziwi, na mtoto aliyeigiza ni kiziwi kweli. Kaka yake Henry anazungumza naye kwa mikono. Sehemu ile sebule yetu ilikuwa kimya kuliko zote, na mashoga wa mama mkubwa, ambao Kiingereza hawakifuati vizuri, waliielewa kuliko sehemu nyengine yoyote.

Hapo niseme juu ya lugha. Ukiwa na watu wasiofuata Kiingereza usitafsiri neno kwa neno juu ya sauti za watu. Simamisha, eleza kwa maneno yako kilichosemwa, endelea. Simamisha mara nne au tano tu kwa usiku mmoja. Palipo na kimya usiguse kabisa.

Asiyecheza naye mpe kazi yake. Wachezaji wanakaa wanalinganisha na wanapitwa na yaliyo mapya. Sehemu ya kwanza inaonesha siku ya mwisho ya dunia kwa utulivu: hakuna unga wa kukaangia chapati zao za asubuhi, majirani wanakaribisha mikate midogo Joel anakataa, binti yake Sarah hali biskuti za zabibu, Joel anasahau keki ya siku yake ya kuzaliwa. Sehemu ya pili inafunguka Jakarta, mtaalamu wa kuvu anaulizwa, na inatajwa kiwanda cha unga na nafaka. Sisi watatu tulikuwa tumeshughulika na kuhesabu tofauti za mwaka, maana gemu imeweka maradhi 2013 na tamthilia imeyarudisha 2003. Mama mkubwa akasema, "Basi ndiyo maana hawakula mkate hata mara moja." Tulirudisha nyuma tukaangalia. Kweli. Mwanamke aliyekanda unga miaka arubaini aliona kitu ambacho sisi wenye pedi hatukukiona. Kuanzia usiku ule hakuna aliyemwambia mtu "wewe hujacheza, hujui".

Na ami akiuliza kama kuvu hiyo ipo, mwambie ipo, inawaingia chungu wa misituni, inawaendesha wapande juu ya mti waume jani kisha wafe pale. Binadamu haiwapati. Aliyewahi kuchuma karafuu Pemba akagandwa na majimoto hahitaji kuelezwa zaidi chungu ni mdudu gani. Ami alikaa akiwafikiria chungu wa watu mpaka kahawa ikapoa.

Jambo moja silikubali sebuleni kwangu: kumsema muigizaji kwa sura yake. Bella Ramsey alisemwa sana tangu siku alipotajwa kuwa ndiye Ellie, eti hafanani na wa kwenye gemu. Mambo haya yanafika pabaya. Mwaka 2020 Laura Bailey, aliyetoa sauti ya Abby kwenye gemu, aliandikiwa vitisho vya kuuawa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Kaitlyn Dever alipochukua nafasi hiyo kwenye tamthilia alipigwa picha huku akilindwa. Mtu anafanya kazi yake! Kijana akianza maneno hayo kwangu nampa habari nyengine aishughulikie: Ashley Johnson, sauti ya Ellie tangu 2013, ndiye mama anayemzaa Ellie katika sehemu ya tisa. Troy Baker, sauti ya Joel, yumo sehemu ya nane kama James. Mtafute. Wakishamjua wanakaa kimya, wanamtazama mwanamke yule anavyomshika kichanga kana kwamba anajishika mwenyewe.

Alama za mitandaoni usizilete barazani. Gemu ya pili ilipotoka watu waliimiminia sifuri saa chache baada ya kufunguliwa, kabla hata mtu hajaweza kuimaliza, mpaka Metacritic, mtandao unaokusanya alama hizo, ikaweka sharti la kusubiri saa 36 kabla ya mtu wa kawaida kutoa alama ya gemu mpya. Sisi tumelichukua sharti hilo kwa namna yetu: hukumu inalala. Usiku wa kutazama unasema kilichokugusa. Kama ni nzuri au mbaya, tunasema kesho yake.

Wakubwa wakisema ni mambo ya Wazungu

Ami alisema hivyo usiku wa kwanza. Dunia imekwisha, watu wanaishi nyuma ya kuta, yanatuhusu nini? Sikumbishia. Nilimuuliza mwaka ule wa kiza alikuwa anauza samaki vipi.

Unguja ilikaa bila umeme tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu, baada ya njia ya umeme inayotoka Bara kupitia baharini kuharibika. Pampu zilisimama, maji hayakupanda. Mie nilikuwa nimetoka skuli, kazi yangu ikawa ndoo: mbili asubuhi, mbili jioni, ngazi za ghorofa nne kwenye kiza, nahesabu vidato kwa mguu kwa kuwa mikono imejaa. Usiku Michenzani nzima ilikuwa nyeusi na ungesikia jenereta moja tu kwa mbali. Ami akaanza kusimulia barafu ilivyopanda bei, samaki walivyooza, nani alimpa chumvi na nani alimfungia mlango. Alizungumza nusu saa. Kisha akasema, "Haya, iwashe." Hajakosa sehemu tangu siku hiyo.

Muulize mkubwa wako hilo kabla ya kuwasha TV. Kama ni mtu wa Pemba muulize mengine, kila mtu ana kiza chake.

Mambo madogo ya nyumbani

Tamthilia hii si ya watoto. Wapeleke kulala au kwa bibi yao, na usidanganyike na neno gemu. Mwenye nyumba aitazame sehemu peke yake kwanza, alfajiri ile ile kama anaweza, ajue kuna damu kiasi gani na kama kuna jambo la faragha ambalo mtu hawezi kulitazama amekaa na mkwewe. Mwambie mkwe mapema, atajua mwenyewe wakati wa kwenda kuchukua maji.

Kahawa na kashata, ndiyo. Urojo, hapana. Bakuli mkononi linamfanya mtu atazame bakuli, na mchuzi juu ya jamvi hautoki.

Muziki wa mwisho usiuzime. Mara nyingi ni gitaa la Gustavo Santaolalla, ndiye aliyepiga kwenye gemu vilevile, na hapo ndipo wachezaji na wasiocheza wanasikia kitu kimoja kwa mara ya kwanza.

Kama mnatazama Fallout, tamthilia nyengine iliyotoka kwenye gemu, nusu ya kanuni hizi huzihitaji. Ile ya mwaka 2024 haikurudia hadithi ya gemu yoyote, imechukua dunia yake na kuweka watu wapya, kwa hiyo hakuna aliyekuja na siri. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya ubao wa skuli ulioandikwa kuwa mji fulani ulianguka mwaka 2277, na waliocheza New Vegas, mojawapo ya gemu zake, wanajua baada ya mwaka huo mji ule ulikuwa bado umesimama. Andika tarehe hizo kwenye karatasi, bandika ukutani, wabishane na karatasi.

Sehemu ya sita ya msimu wa pili, ile ya Joel na Ellie kibarazani, ilipokwisha, mama mkubwa alibaki baada ya wote kuondoka. Akaniomba nimuoneshe yule daktari. Nilitoa mashine, nikafungua sura ya hospitali, nikacheza mpaka mlangoni, kisha nikamkabidhi pedi na kumuonesha kitufe. Aliishika kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Ellie mezani, daktari na kisu chake. Nikamwambia gemu haiendi mpaka abonyeze.

Akamtazama muda. Akauliza, "Na nisipobonyeza?"

Nikamwambia atasimama hivyo hivyo.

Akaiweka pedi juu ya jamvi, akavaa mtandio wake, akatoka. Sikuizima mpaka nilipoamka kuswali, na alikuwa bado amesimama.